Kwa mnaoanza kusoma mapinduzi ya Urusi: msiruke karne ya 19

Wadogo zangu, kila mwaka naona mambo yaleyale: mwanafunzi anakimbilia 1917 na Lenin, halafu anashangaa mbona hoja zake zinaelea. Anzeni 1825.

Kabla ya hapo, kalenda. Urusi ilitumia kalenda ya zamani, ambayo karne ya 19 ilikuwa nyuma kwa siku 12. Ndiyo maana uasi wa Wadesemba, ule wa Desemba 1825, mtaukuta umeandikwa tarehe 14 kwenye kitabu kimoja na 26 kwenye kingine. Chagueni moja mshikamane nayo. Mimi natumia ya zamani.

Wadesemba walikuwa maofisa wa jeshi, watoto wa mabwana, waliotaka Urusi iwe na katiba. Baadhi yao walifika Paris wakipigana na Napoleon. Walipanga askari kama 3,000 kwenye uwanja wa Seneti, St. Petersburg, wakasimama kwenye baridi kwa saa nyingi mpaka mizinga ikawatawanya. Trubetskoy, waliyemchagua awaongoze, hakutokea kabisa. Watano walinyongwa. Ukisoma habari hii, muulizie askari wa kawaida: yeye aliambiwa anamtetea Konstantin, mrithi halali wa kiti. Habari za katiba walibaki nazo wakubwa. Pengo hilo kati ya wasomi na watu wa kawaida ndilo vijana wa 1874 walijaribu kuliziba walipokwenda vijijini kwa wingi, wakaishia kukamatwa.

Lakini kama muda wenu ni mdogo, utumieni kwenye kesi ya Vera Zasulich. Mwaka 1877, Trepov, gavana wa St. Petersburg, aliamuru mfungwa wa kisiasa, Bogolyubov, achapwe viboko kwa sababu hakuvua kofia mbele yake. Januari 1878 Zasulich aliingia ofisini kwa Trepov kama mtu aliyeleta ombi, akampiga risasi, akamjeruhi. Hakukana. Serikali ikaona kesi ni nyepesi, ikaipeleka mbele ya jopo la raia 12, utaratibu ulioletwa na mageuzi ya mahakama ya 1864. Wakili wake, Aleksandrov, alizungumzia viboko zaidi ya bastola. Jopo, ambalo wengi wao walikuwa watumishi wa serikali, likamwachia huru.

Kwangu mimi, uamuzi ule una uzito kuliko mabomu yote yaliyofuata. Makarani wale hawakuwa wanamapinduzi, ila walikataa gavana amdhalilishe mtu apendavyo. Mkiulizwa mwamko wa kiraia ulionekana wapi, anzieni hapo, na msisahau mabaraza ya wilaya, zemstvo, yaliyoanza pia 1864 na kuwazoesha watu kusimamia shule na zahanati zao.

Serikali ilijibu kwa kuziondoa kesi za namna hiyo mikononi mwa majopo ya raia. Mwaka 1879 kikaundwa kikundi cha siri cha wanamapinduzi, Narodnaya Volya, na Machi 1, 1881 kikamuua Aleksander II kwa bomu. Asubuhi ya siku hiyohiyo mfalme alikuwa ameridhia mpango wa waziri wake, Loris-Melikov, wa kuwashirikisha wajumbe wa kuchaguliwa katika kujadili sheria. Mrithi wake aliutupa.