Kabla Hujafungua Bolti ya Mwisho ya Giaboksi

“Ami, jeki yazama.”

Maneno matatu. Niliyasikia vizuri, maana mwana wa kakangu alikuwa amechuchumaa karibu na kichwa changu, mkono wake ukiwa kati ya giaboksi na chasisi. Mimi nilikuwa nimelala chali chini ya Isuzu FVR, spana mkononi, kutu ikinidondokea usoni. Mwenye lori alikuwa amepiga simu mara tatu tangu adhuhuri, kwani alfajiri gari lilitakiwa Gongoni kupakia chumvi. Nikamjibu kijana, “Shikilia tu, mwanangu, imebaki bolti moja.”

Bolti hiyo moja ndiyo iliyokuwa imebeba kila kitu. Ilipotoka, giaboksi ikainamia upande ambao jeki ilikuwa imezama mchangani, ikaubana mkono wake wa kushoto kwenye chasisi. Alikuwa na miaka 19. Vidole viwili havikurudi.

Naandika haya kwa sababu Malindi yetu, kuanzia Maweni mpaka ng’ambo ya Sabaki, malori yanafunguliwa nyumbani: uani, chini ya mwembe, kando ya barabara ya Garsen. Sioni ubaya wowote hapo. Si kila mwenye lori anaweza kulivuta kiasi cha kilomita 120 mpaka Mombasa kwa ajili ya klachi. Ila gereji kubwa ina sakafu, ina winchi, ina jeki ya kazi hiyo. Sisi wa nyumbani vitu hivyo hatuna, kwa hiyo lazima tuvitafutie badala yake kabla ya kugusa spana. Tangu siku ile sifungui bolti yoyote inayoshika giaboksi mpaka nijiulize kwa sauti na nijijibu kwa sauti: hii ikitoka, uzito unakwenda wapi?

Wengi tunaukisia uzito huo kwa macho. Giaboksi ya Canter, wanaume wawili wenye nguvu wanaweza kuisogeza sakafuni, na hilo ndilo linalotudanganya. Ya FVR imeipita mbali. Za trela, kama Scania au Actros, hukaribia kilo 300. Hiyo ni mifuko sita ya simiti iliyofungwa pamoja, tena ikiwa imepakwa mafuta na haina pa kushika. Watu watatu hawaibebi vifuani wakiwa wamelala chini. Nimeona ikijaribiwa, na sitaki kuiona tena.

Sasa ardhi, maana hapa ndipo nilipokosea. Mchanga wetu ukiukanyaga unaonekana umeshikana, hasa baada ya mvua. Lakini kitako cha jeki ya chupa ni kidogo kama kiganja, na uzito wote unashuka pale. Haizami kwa mara moja. Inazama kidogo kidogo huku wewe ukishughulika na jambo lingine, na inazama upande mmoja zaidi ya mwingine. Ubao wa msonobari hausaidii sana, unapasuka katikati. Kama huna sakafu ya zege, tafuta bamba la chuma nene, na chini yake panga mataruma ya mbao ngumu, moja likilala huku na jingine likikatiza, ili uzito utawanyike mahali papana. Kisha pakia uzito, ngoja robo saa, uchungulie kama pameshuka. Mimi baadaye nilimwaga zege uani, inchi sita, na wavu wa chuma wa BRC ndani yake, simiti moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne. Nililimwagilia maji juma zima na sikuruhusu lori kulikanyaga kabla ya siku 28. Mke wangu alilalamika kwamba nimemwondolea bustani ya mchicha, na alikuwa na haki, lakini hakuna pesa niliyotumia kwenye kazi hii ambayo naifurahia zaidi ya ile.

Na tafadhali, jiwe la matumbawe si stendi. Najua kila ua wa Malindi una mawe ya kukata yaliyobaki kwenye ujenzi, na ndiyo ya kwanza mkono unayoyafikia. Jiwe hilo linabeba ukuta kwa sababu ukuta umelikalia sawasawa kote. Ukiliwekea ekseli ya chuma, uzito unasimama pahali padogo, na jiwe linavunjika bila kulia wala kukuonya. Tofali la zege lenye matundu ni hivyohivyo. Stendi iwe ya chuma, au magogo ya mbao ngumu yaliyopangwa kwa kukatiza. Lakini swali la kwanza ni kama unahitaji kuliinua lori hata kidogo. Malori makubwa yako juu. Mara nyingi unaweza kuingia chini yake na jeki ya giaboksi bila kunyanyua gurudumu lolote. Pima kwanza: urefu wa giaboksi ikiwa imekaa juu ya jeki iliyoshushwa, na nafasi iliyopo chini ya chasisi upande utakaoitolea. Ikipita, acha lori likae juu ya matairi yake.

Jambo la pili linaloua ni hendibreki. Kwenye Canter na Isuzu ndogo nyingi, hendibreki haiko kwenye magurudumu. Ni ngoma iliyoko nyuma ya giaboksi, inayoshika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Basi siku unayofungua propela, hendibreki imebaki inashika hewa. Kuliacha gari ndani ya gia nako hakusaidii tena, kwa sababu injini na magurudumu havijuani. Nilijifunza hivyo nikiwa bado mwanafunzi wa kazi: Canter iliteremka taratibu kutoka chini ya mkungu, ikavunja ukuta wa jirani. Alhamdulillahi hakukuwa na mtu chini wala mbele. Kwa hiyo weka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu kabla ya kugusa propela, na uzigonge mpaka zishike.

Lori la breki ya upepo ni tofauti. Breki yake ya kuegesha hushikwa na springi ndani ya mikebe ya nyuma, na upepo ndio unaoiachia. Upepo ukiisha, springi inashika. Toa upepo wote kwenye matangi kabla ya kufungua paipu yoyote, maana giaboksi nyingi kubwa zina paipu za upepo za kubadilishia gia, na paipu ikichomoka ikiwa na presha inakupiga usoni pamoja na mchanga wote ulioko pale. Kabari uziweke vilevile. Na ule mkebe wa springi usiufungue kamwe, hata kama unavuja, hata kama kuna anayekwambia amefungua kumi. Springi iliyobanwa mle ndani ina nguvu za kuua, na imeshaua mafundi.

Betri fungua mapema, hasi kwanza, kwa sababu waya mnene wa stata, mota ya kuwashia injini, una umeme muda wote na stata iko palepale unapofanyia kazi. Kama kichwa cha lori ni cha kuinamisha, hakikisha mkono wake wa kukizuia umejifunga. Waya, paipu na fimbo za gia zitie alama za rangi. Hayo mengine fundi anayajua.

Mafuta yamwage yakiwa vuguvugu, si ya moto. Yapokee kwenye karai. Usiyaache yaingie ardhini, kwa maana chini yetu ni mchanga na matumbawe yenye matundu, na visima vyetu viko karibu sana na hayo. Vumbi la klachi nalo usilipulize kwa kompresa. Klachi za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likishaingia mapafuni halitoki. Futa kwa kitambaa kibichi, kitupe.

Bolti za malori ya chumvi ni shida ya peke yake. Gari linalofanya njia ya Gongoni na Marereni, bolti zake zinaungana na chuma mpaka hujui ipi ni ipi. Hapo ndipo hasira inapoingia, na mtu akishikwa na hasira chini ya gari haangalii tena jeki. Dawa yangu ni kuzipiga brashi ya waya na kuzimwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, niende nikalale, nianze asubuhi. Mwenye gari mwambie tangu siku ya kwanza kwamba ni siku mbili. Akitaka kwa siku moja, mwache aende kwingine. Laiti ningeyajua maneno hayo wakati ule.

Tukifika kwenye kazi yenyewe: jeki iwe ya giaboksi, yenye kitanda na mnyororo, na uwezo wake uwe umeandikwa. Jeki ya chupa ni ya kuinulia gari. Kichwa chake ni kidogo, na giaboksi ina tumbo la mviringo. Mafundi kadhaa mnaweza kuchanga mkanunua moja na kuazimana. Pasipo jeki hiyo, njia ninayoiamini ni kulaza bomba nene la chuma juu ya chasisi, likiwa limefungwa lisiviringike, na kuning’iniza cheni bloki, yaani winchi ya mnyororo ya kuvuta kwa mkono, ya tani moja. Giaboksi ivishwe mnyororo mahali pawili, mbele na nyuma, isije ikachungulia chini na kuponyoka. Boriti za mkoko zinajenga dari za karne nyingi Lamu, lakini usizifanye kiegemeo cha miguu mitatu cha kuinulia chuma. Huwezi kujua mdudu amekula wapi.

Injini nayo ishikwe kwa nyuma, kwa stendi na kipande cha mbao, kabla krosi memba (boriti inayokatiza chasisi chini ya giaboksi) na mauntingi (viegemeo vyake vya mpira) havijatoka. Vinginevyo injini inainama, na giaboksi inabanwa isitoke.

Ndipo tunakuja kwenye bolti za kava ya klachi, yaani lile ganda la mbele la giaboksi linalofungwa kwenye injini. Usizitoe zote moja baada ya nyingine. Pandisha jeki mpaka iguse na kubeba kidogo, kisha legeza bolti zote mizunguko michache tu, zikiwa bado zimo. Tazama giaboksi inataka kuelekea wapi. Ikishuka mbele, sogeza jeki mbele. Ikishuka nyuma, rudi nyuma. Giaboksi yenyewe itakuonyesha katikati yake, na unaiuliza wakati bado imeshikwa. Kisha toa bolti mbili za juu, kulia na kushoto, na mahali pake tia bolti ndefu zilizokatwa vichwa. Hizo ndizo reli zako. Sasa funga mnyororo wa jeki, ukaze. Zilizobaki utazitoa ukiwa pembeni, mwili nje ya njia ya kuangukia, mikono ya kila mtu ikionekana.

Irudishe nyuma ikiwa sawasawa, karibu shubiri moja, mpaka shafti ya mbele itoke kabisa kwenye klachi pleti. Usiishushe kabla ya hapo. Ikining’inia kwenye shafti, itakunja pleti na kuharibu bearingi ya flaiwili, na wewe utadhani umekwama, utaanza kuitikisa. Kutikisa ndiko kunakoitoa kwenye jeki. Ikigoma, rudi uangalie: mara nyingi kuna bolti moja ya juu iliyofichwa na tope.

Uani kwangu kuna neno moja sasa: “Simama.” Anayelisema anaweza kuwa utingo, au mtoto aliyeleta chai. Likisemwa, mikono yote inatoka na hakuna anayeuliza sababu mpaka mikono imetoka. Anayeamuru jeki ipande au ishuke ni mtu mmoja tu, kama nilivyowaona wapakuaji wa majahazi Lamu, mmoja anatoa sauti na wote wanamfuata. Kusimamisha ni haki ya kila mtu. Na pasiwe na mtu mmoja peke yake. Ukibanwa, simu iliyoko mfukoni huifikii. Mtu wa pili akae nje ya chasisi, miguu yake juu ya ardhi, mlango wa ua ukiwa wazi.

Ikishafika chini, ilaze juu ya tairi kuukuu, usiisimamishe kwa kava.

Wakati wa kuirudisha, wengi wamechoka na wanajiona wamemaliza. Pleti ipangwe katikati kwa shafti ya kupangia, reli zako zirudi, giaboksi iingie kwa kusukumwa na mikono. Usiivute kwa bolti. Kava inapasuka masikio, na utanunua nyingine. Usitie kidole kwenye tundu kuangalia kama yamelingana. Tumia tochi na bisibisi. Kaza bolti kwa kuvukanisha, fungia kila kitu, kisha jaza mafuta mpaka yachuruzike kwenye tundu la kipimo huku gari likiwa limekaa sawa. Kanyaga klachi mara kumi injini ikiwa imezimwa, usikilize. Kabari ziondoe mwisho kabisa, propela ikiwa imeshakazwa na hendibreki imeshajaribiwa.