Jibu: Mtoto wa miaka tisa, akademi na soka ya vijana Mombasa

Ndugu uliyeuliza kama umtoe mwanao wa miaka tisa kwenye chandimu ya mtaani umpeleke akademi, na kwa nini watoto wa Mombasa huwika wakiwa wadogo kisha wakapotea: maswali hayo mawili yana jibu moja. Vipaji tunavyo. Kinachokosekana ni kugusa mpira vya kutosha kati ya miaka 8 na 13, na baada ya hapo, makaratasi.

Kabla hujalipa ada, nenda jioni moja pale wanapofanyia mazoezi, iwe Tononoka au Uwanja wa Mbuzi, Kongowea. Usitazame jezi wala koni. Chagua mtoto wa kawaida, si yule nyota, umhesabie kwa dakika kumi anagusa mpira mara ngapi. Ukiona amegusa mara nne na muda uliobaki yuko foleni akingoja zamu ya kupiga golini, mwache mwanao kwenye chandimu.

Hesabu yake ni nyepesi. Watoto 22 kwenye uwanja mzima kwa saa moja, hata wakigawana mpira sawasawa, kila mmoja hafikishi dakika tatu. Wakicheza wanne kwa wanne anapata zaidi ya saba. Isitoshe, kwenye uwanja mzima kipa mdogo hafikii mwamba wa juu, kwa hivyo anayebutua ndiye anayefunga na kocha anarudi na kikombe. Yule anayejua kutuliza na kugeuka anakaa benchi, ati hana nguvu. Hapo ndipo tunapowapoteza wengi.

Kundi zuri la umri huo lina mpira saizi 4 kwa kila mtoto, kocha mmoja kwa watoto wasiozidi 15 na kiwanja cha kama mita 30 kwa 20. Siku tatu kwa wiki, dakika 75, zatosha. Viwanja vyetu vina mchanga na vijiwe, mpira huruka ovyo. Utolewe upepo kidogo. Saa za mazoezi zisigongane na madrasa, na jua likiwa kali wanywe maji kila robo saa. Kocha anayewanyima watoto maji ili wakomae, muondoe mwanao siku hiyo hiyo.

Tazama pia wanavyopokea pasi. Asiyefundishwa huukabili mpira kifua kizima, akautuliza kwa mguu ulio karibu, na akiinua kichwa keshazingirwa. Aliyefundishwa hutupa jicho nyuma ya bega kabla pasi haijafika, husimama ubavu, akaupokea kwa mguu wa mbali, na mguso huo wa kwanza ndio unaomtoa. Zoezi lake halina gharama: watoto watatu kwenye mstari, wa nyuma anainua vidole, wa katikati lazima ataje idadi kabla mpira haujamfikia. Dakika kumi kila siku ya mazoezi.

Akifika miaka 12 au 13, janga kubwa ni umri wa kufoji. Timu inataka kombe la chini ya miaka 15, inaleta vijana wenye ndevu, na mtoto wa kweli anaachwa nje. Wanaopunguza umri nao hukwama mbele: tangu 2009 FIFA hupima kifundo cha mkono kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ili mifupa ioneshe umri, kwenye mashindano ya chini ya miaka 17. Katika miaka hiyo ya kurefuka, maumivu chini ya pia ya goti ni ya kawaida. Asichuliwe kwa nguvu. Apunguziwe kuruka na mbio kali, na goti likivimba aone daktari.

Makaratasi sasa. Cheti cha kuzaliwa kiwe tayari, na akifika 12 uhakikishe klabu inamsajili rasmi FKF, shirikisho la soka la Kenya, kila msimu. Mchezaji akiuzwa nje, asilimia 5 ya pesa hugawiwa klabu zilizomlea: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa umri wa 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu wa 16 hadi 23. Akiuzwa dola milioni moja, klabu iliyokuwa naye ile misimu minne ya mwanzo inapata dola 10,000. Kwa klabu ya mtaani hiyo ni mipira na nauli za miaka. Bila usajili haina cha kudai, na inauma kuona jasho la makocha wetu likipotea kwa fomu ambayo haikujazwa.

Akija mtu anadai ada ya kumpeleka kijana wa miaka 15 kusajiliwa Ulaya, funga mlango. FIFA hairuhusu uhamisho wa nje kabla ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira.

Kama una binti, haya yote yanamhusu. Junior Starlets, timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 17, walikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, lile la umri huo, mwaka 2024 kule Jamhuri ya Dominika, na wakaifunga Mexico 2-1. Akiwa na miaka tisa mchanganye na wavulana kwenye wanne kwa wanne; miili bado haijatofautiana.