Kwa nini sikio langu linatafuta muziki uliosukwa

Ndugu, umeuliza mtu anawezaje kupenda marimba za Mengo (makao ya mfalme wa Buganda, Uganda), sebene la Kongo (sehemu ya wimbo wa dansi inayotawaliwa na magitaa) na kadongo kamu, nyimbo za visa za Waganda, kwa pamoja, halafu akachoshwa na nyimbo zinazotikisa teksi za Kampala. Kwa upande wangu, viwili vya kwanza ni kitu kimoja. Cha tatu nitakifikia.

Amadinda, ndiyo marimba yenyewe ya Mengo, ndiyo inayolifinyanga sikio. Ni vibao 12 vilivyolazwa juu ya magogo mawili ya mgomba, na wapigaji ni watatu. Munazi, anayeanza, na mwawuzi hukaa wakitazamana, kila mmoja na mikwiro miwili: mkono mmoja unapiga kibao kati ya 1 na 5, mwingine unapiga sauti ileile oktava moja juu, kati ya 6 na 10. Mwawuzi, yaani mgawanyaji, anaingia katikati kabisa ya mapigo ya munazi. Wakichanganya hufika hadi mapigo 600 kwa dakika, na bado hakuna mkono unaokimbia.

Jaribu mezani na mwenzako (haya ni mazoezi tu, si wimbo). Munazi arudie 5-3-4-2, mwawuzi 1-3-2-5. Kinachotoka ni 5-1-3-3-4-2-2-5. Sasa mukoonezi, mpigaji wa tatu, ambaye ana vibao 11 na 12 peke yake, anaokota kila 1 na kila 2 na kuzirudia oktava mbili juu: kimya, 11, kimya, kimya, kimya, 12, 12, kimya. Zile 12 mbili zinazofuatana, ya kwanza imetoka kwa mwawuzi na ya pili kwa munazi. Hakuna aliyepanga mdundo huo. Umezaliwa katikati yao. Sikio likishazoea kuokota hivyo, muziki wa mtu mmoja kuongoza na wengine kumsindikiza unaanza kuonekana mwepesi mno.

Wanaojifunza hukwama pale pale: mwawuzi anajihesabu kuwa yuko nyuma ya pigo, basi anamsubiri munazi, anachelewa, na baada ya mizunguko michache wote wawili wanagonga pamoja. Dawa yake ni mwawuzi kulihesabu pigo lake mwenyewe kuwa ndilo pigo kuu. Kosa jingine ni la chombo. Migomba ikikauka au kuoza, vijiti vinavyotenganisha vibao vinalegea, vibao vinatembea na sauti inakufa. Kata mingine mibichi, usihangaike kuikaza ya zamani. Kibao kikiwa juu kidogo kisauti, chonga chini yake katikati kukishusha. Kikiwa chini, punguza kwenye ncha.

Na usikilinganishe na kinanda. Oktava hapa imegawanywa hatua tano zinazokaribia kulingana, kama senti 240 kila moja (senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti mbili), wakati toni nzima ya kinanda ni senti 200. Ndiyo maana mgeni husema "haijatyuniwa". Imetyuniwa, tena kwa makini.

Mei 1966 jeshi la serikali lilivamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na vikundi vya wapigaji wa pale vikasambaratika. Kwa hiyo ladha ya wengi wetu tunaopenda muziki wa kasri imelelewa na kanda alizorekodi Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1950 na 1952. Humo utasikia pia entenga: ngoma 15, wapigaji sita, wanne wakisuka wimbo kwenye ngoma 12 ndogo.

Ukitoka hapo, sebene halikushangazi hata kidogo. Gitaa la rizimu (la mdundo) na la solo wanaachiana nafasi, na katikati yao kuna gitaa la tatu, mi-solo, ambalo uzi wake wa nne hutolewa ukawekwa mwembamba unaolia oktava moja juu ya kawaida. Ukibaki na uzi mnene wa kawaida, mi-solo linagongana na rizimu na kila kitu kinakuwa uji. Kwangu, huyo ni mukoonezi mwenye umeme.

Kadongo kamu, nakiri, inaivuruga nadharia yangu. Jina lenyewe lasema gitaa dogo moja tu, na gitaa hilo halina wa kusukana naye. Paul Kafeero, mwimbaji maarufu wa kadongo kamu, unamfuata kwa maneno, kisa kirefu kinachotaka Kiganda chako kiwe kizima. Lakini hata kwenye amadinda anayejua Kiganda husikia maneno ndani ya vibao, kwa sababu nyimbo hizo zimetokana na za kuimbwa na hufuata kupanda na kushuka kwa sauti ya lugha. Labda undugu uko hapo.

Kama unataka kujaribu kusikiliza amadinda, zima kile kitufe cha kuongeza besi, kwa kuwa kinavimeza vibao 11 na 12. Mzunguko wa kwanza mfuate mukoonezi peke yake. Ukimshika, shuka kwenye sauti nene, halafu rudi juu bila kusimamisha wimbo.