Memori kadi ya kamera: ijaze nyumbani kabla hujaenda nayo harusini

Wiki hii dada mmoja wa Mwanza amenitumia ujumbe mrefu WhatsApp. Amenunua kamera ya Canon 80D iliyotumika, mwezi ujao ana sendofu yake ya kwanza ya kulipwa, na kuna mtu anamuuzia kadi ya GB 256 kwa bei ya kutupa. Anauliza, "Kaka, niichukue hiyo hiyo moja nisihangaike tena?" Nimemwambia asiichukue. Maelezo yenyewe nayaandika hapa, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnatafuta anachotafuta yeye: kuitwa na kamati za harusi bila kubembeleza, na jina lako litajwe na watu usiowajua.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na harusi Tabata. Kwa ajili ya kazi ile nilinunua kadi mpya ya GB 64 kwenye duka la maana, lenye makabati ya kioo, na risiti nikapewa. Pakiti ilikuwa imefungwa, stika inang'aa, jina la kampuni limeandikwa sawasawa. Kanisani kazi ikaenda vizuri, ukumbini pia. Kamera haikulalamika hata mara moja, namba ya picha zilizobaki ilikuwa inashuka kama kawaida.

Usiku nikaichomeka kwenye kompyuta. Majina ya mafaili yote yapo, yamepangana kwa namba, kila moja na ukubwa wake. Za kanisani zinafunguka. Nikafika kwenye keki: bibi harusi anamlisha mama mkwe. Picha ikafunguka nusu. Shela, paji la uso, macho, halafu kuanzia puani kwenda chini ni kijivu kitupu. Ya pili yake haikufunguka kabisa. Ndafu inaingia, hakuna. Wazazi wanapewa zawadi, hakuna. Nilikaa pale hadi kunakucha nabonyeza faili moja baada ya jingine.

Utapeli wenyewe uko hivi. Ndani ya kila kadi kuna kidhibiti kidogo, na hicho ndicho kinachoiambia kamera kadi ina ukubwa gani. Matapeli wanachukua kadi ya GB 8, wanakibadilisha kidhibiti kiseme GB 64, wanachapa maandishi mapya juu, wanaifunga. Kamera inaamini inachoambiwa. Ukivuka zile GB 8 za kweli, kinachoandikwa kinapotea, au kinafuta cha mwanzo. Orodha ya majina ya mafaili hukaa mwanzoni mwa kadi, ndiyo maana majina yote niliyaona na picha sikuziona.

Dukani nilirudi na risiti mkononi. Muuzaji akanionyesha maandishi ya chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Mpaka leo nikipita mtaa ule roho inaniuma. Familia niliwarudishia hela yao yote, na picha chache za ukumbini zilizopatikana zilitoka kwenye kamera ya msaidizi wangu. Hata hivyo mjumbe mmoja wa kamati alisimama mbele ya watu akasema mimi ni tapeli. Mimi, niliyetapeliwa.

Mwezi uliopita baba mzazi wa yule bibi harusi alinipigia mwenyewe. Binti yake mdogo anaolewa, na alisema hataki fundi mwingine. Nilikwenda, nikapiga, na picha zote niliwakabidhi kwa wakati. Ndugu zangu, heshima kama hiyo hainunuliwi kwa kamera ya bei mbaya.

Sasa nisikilizeni. Kadi yoyote mpya, hata uwe umeinunua kwa wakala anayetambulika (na huko ndiko nunua, achana na bei za kutupa), usiiamini kabla hujaijaza. Kwa Windows ipo programu ya bure inaitwa H2testw, imetoka kwa jarida la kompyuta la c't la Ujerumani. Wanaotumia Linux au Mac wana F3. Kila moja inaiandika kadi mpaka ijae, halafu inasoma upya kila kilichoandikwa na kukuambia kama kimerudi kilekile. Kadi ikiwa kubwa inakula muda, basi iache ifanye kazi wewe ukipika au ukilala. Ikikuta kosa, kadi hiyo usiipeleke kazini. Usijidanganye kwamba utaitumia nusu.

Halafu kuna kasi, na hapa watu wengi wanaliwa hela. Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya kadi, 100 au 170, mara nyingi ni kasi ya kusoma, yaani kuhamisha picha kwenda kwenye kompyuta. Kamera inahitaji kasi ya kuandika. Tafuta alama ya V: V30 maana yake kadi haitashuka chini ya megabaiti 30 kwa sekunde wakati wa kurekodi, V60 ni 60, V90 ni 90. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu, kwa sababu baiti moja ni biti nane. Kwa kazi zetu nyingi V30 inatosha na inabaki.

Usinunue kadi ya UHS-II (mfumo wenye kasi kuliko UHS-I ya kawaida), ile yenye safu mbili za pini nyuma, kama kamera yako haina tundu lake. Itafanya kazi, ila kwa mwendo wa UHS-I, na hela imekwenda. Hata Canon 5D Mark III, ambayo wengi wetu bado tunaiheshimu, ina tundu la CF (aina ya kadi kubwa ya zamani) na la SD (hizi ndogo tulizozoea), lakini lile la SD halifiki hata kasi ya UHS-I. Ukiandika kwenye kadi zote mbili kwa pamoja, SD ndiyo inayokuburuta.

Na picha zikishapotea, acha kupiga papo hapo. Usiiformati, usijaribujaribu, itoe kadi uweke nyingine. Nyumbani tumia PhotoRec, nayo ni ya bure. Kwa picha zilizofutwa kwa bahati mbaya inaokoa mengi. Kwa kadi feki haiwezi kurudisha kitu ambacho hakikuandikwa kamwe.

Kwa hiyo dada yangu wa Mwanza, 80D ina tundu moja tu la kadi, la UHS-I. Nunua mbili za GB 64, V30. RAW (faili ghafi la picha) ya kamera hiyo ni karibu MB 29, kwa hiyo kila kadi itabeba picha zaidi kidogo ya 2,000. Ya kwanza itumie mpaka maharusi waingie ukumbini, kisha ibadilishe, hata kama haijajaa, na iliyotumika iweke mfukoni mwako, siyo kwenye begi. Zijaze zote wiki hii, ziformati ndani ya kamera yenyewe, halafu nitumie majibu ya H2testw niyaone kabla ya sendofu.