Mama wa nyumbani naye ana haki katika nyumba

Dada yangu, umeeleza kwamba umepewa talaka na kuambiwa uondoke katika nyumba yenu ya Ngamiani, Tanga, mikono mitupu, kwa kuwa hati ya nyumba ina jina la mume peke yake nawe hukuwahi kuwa na mshahara. Tafadhali usikubali. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilitambua kwamba kazi za nyumbani na malezi ya watoto ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo. Si lazima upate nusu kamili, kwani hutazamwa pia madeni na mahitaji ya watoto wadogo, ingawa sheria inaitaka mahakama ielekee kwenye usawa.

Talaka ya karatasi pekee haigawi mali. Anzia baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha ufungue shauri mahakamani, ukiwa na stakabadhi zozote za saruji, mabati au mkopo wa kikoba ulioingia katika ujenzi.