Kilobaiti 1 tu, watu walikuwa wanaifanyia nini?

SWALI: Mhariri salaam, nimesoma kwamba ile Sinclair ZX81 ya Uingereza ilikuwa na RAM (memori ya kufanyia kazi) ya kilobaiti 1 tu, sasa jamani hiyo ni kompyuta kweli? Familia zilikuwa zinaifanyia nini nyumbani?

JIBU: Ni kompyuta kabisa ndugu yangu, tena mimi naiheshimu sana. Ilitoka 1981 kwa pauni 69.95, na ukikubali kuiunganisha mwenyewe unapewa vipande vyake kwa pauni 49.95. Bei ilishuka hivyo kwa sababu ndani waliweka chipu 4 tu wakati ZX80 iliyoitangulia ilikuwa nazo 21, halafu skrini hukuuziwa, unachomeka kwenye TV ya sebuleni, na programu unazirekodi kwenye kaseti za kawaida kwa redio kaseti ile ile ya muziki. Kwa hiyo mtoto akiishika kompyuta, wengine wote TV hawaioni.

Hiyo kilobaiti 1, yaani baiti 1,024, kama herufi elfu moja hivi, ilikuwa mtihani kwelikweli, maana hata maandishi ya kwenye skrini yalikaa humo humo, skrini ikijaa inaliwa kama robo tatu ya memori na programu yako inabanwa kwenye kinachobaki. Lakini watu walibana baiti moja moja mpaka wakaingiza mchezo wa chess humo! Ungeweza kuongeza memori ya kilobaiti 16, inachomekwa nyuma, ila ilikuwa inalegea, ukitikisa meza kidogo tu mashine inaganda na kazi yote imepotea.

Sasa mambo ya kupiga bajeti ya nyumbani, nakwambia ukweli, daftari lilikuwa linashinda. Usubiri kaseti isome dakika kadhaa ndo uone umetumia pauni na peni ngapi? Hapana. Faida yake ilikuwa kwingine, ukiwasha tu inakungoja uandike BASIC, ile lugha ya kuprogramu, hakuna menyu wala cha kubonyeza, usipoiamuru imekaa tu inakuangalia. Watoto wakawa wanakopi programu kutoka kwenye magazeti, mistari kwa mistari, wakikosea alama moja haikubali, wanarudi kutafuta kosa, na hapo kwenye kutafuta ndo walikuwa wanajifunza kuprogramu bila hata kuambiwa kwamba hili ni somo. Ziliuzwa zaidi ya milioni 1, na wengi walionunua walikuwa hawajawahi kugusa kompyuta maishani.