Kabla hujauza kiwanja uje Gaborone, soma hapa kwanza

Juzi kuna kijana kanitumia meseji ndefu, shikamoo dada, nafuatilia sana unachoandika, Mungu akubariki, halafu ndo akafika kwenye pointi. Kaperuzi mtandaoni kaona kipato cha mtu mmoja Botswana ni kama mara tano au sita ya kwetu Tanzania, kaona Benki ya Dunia imewaweka kundi la kipato cha kati cha juu, basi kaamua atauza kiwanja chake aje afungue duka la vifaa vya simu. Anachotaka kujua ni mtaa gani Gaborone una wateja wengi. Meseji za namna hii napata nyingi, nimeona nijibu hapa ili msome wote.

Mdogo wangu, kiwanja usiuze kwanza.

Nimekaa nchi hii miaka ya kutosha. Nilikuja kama mhasibu wa kuajiriwa, mkataba ukaisha, nikabaki (habari za vibali na makaratasi naziruka, mtasinzia). Ninachotaka kusema ni hiki: hiyo namba uliyoiona ni ya kweli, ila hujaizidisha kwa idadi ya watu. Botswana ukubwa wake ni karibu sawasawa na Kenya, kama kilomita za mraba 580,000, lakini sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 2.3 na ushee. Dar peke yake, sensa ya mwaka huohuo, ilipita milioni 5. Yani nchi nzima ya Botswana haifikii hata nusu ya Dar, halafu hao wachache wengi wamekaa ukanda wa mashariki, huku kwingine ni Kalahari na ng'ombe. Na wastani nao unaficha mengi, hii ni moja ya nchi zenye pengo kubwa sana kati ya mwenye nacho na asiye nacho, vijana wenye digrii wako nyumbani wanasubiri kazi. Ukigawanya hela ya mgodi kwa kila kichwa unapata namba nzuri, ila ile hela haijaenda kwenye kila mfuko.

Sasa hela inaanzia wapi? Hilo ndo swali. Uliza hela inaanzia wapi kabla hujauliza mtaa upi una wateja.

Inaanzia kwenye almasi. Wamepata uhuru 1966 wakiwa kati ya nchi maskini kabisa duniani, mwaka uliofuata almasi ikaonekana Orapa, baadaye mgodi wa Jwaneng ukafunguliwa 1982, na kampuni ya Debswana inayochimba ni nusu ya serikali nusu ya De Beers, kampuni kubwa ya almasi duniani. Na mimi siwezi kuwasema vibaya, hela hiyo waliitumia kwa akili kuliko wengi, barabara zipo, shule zipo, dawa za kufubaza virusi vya ukimwi walianza kuwapa watu wao bure mwaka 2002 wakati nchi nyingi za Afrika bado zinabishana. Mwaka 1994 wakawa wa kwanza duniani kutolewa kwenye orodha ya nchi zilizo nyuma kimaendeleo. Lakini mgodi wa almasi hauajiri watu wengi. Mashine ndo inachimba, hela inaingia hazina, hazina inalipa mishahara na tenda, na sisi wengine wote tunakaa mkao wa kula. Mwenye duka anamuuzia mfanyakazi wa serikali, mwenye nyumba anampangishia mfanyakazi wa serikali, na mkandarasi anaijengea serikali yenyewe. Mteja ni mmoja, anakuja na sura tofauti.

Mimi haya sikuyasoma kitabuni. Tuna kampuni ya kufunga na kutengeneza viyoyozi na majokofu makubwa. Hisa nyingi ni za mama mmoja wa Kitswana, namuita Mma (yani mama) na yeye ananiita Mma, mafundi wote ni Rra (yani baba), ndo adabu ya huku na utaizoea haraka. Nina kipande changu na vitabu vyote nashika mimi. Jua la Gaborone mwezi wa kumi na moja si mchezo, ofisi za umma kila chumba kina kiyoyozi, vipuri tunafuata Johannesburg tunapitia mpaka wa Tlokweng, bajeti mpya ikianza mwezi wa nne oda zinamiminika. Kucheleweshewa malipo kulikuwepo ila mwisho wa siku unalipwa, na miaka ile ya mwanzo tulikula vizuri, sitadanganya.

Mwaka 2022 almasi iliuzwa vizuri sana na kila mtu alikuwa anacheka. Mimi nikakaa na vitabu usiku nikaona zaidi ya robo tatu ya hela yetu inatoka serikalini na kwenye mashirika yake. Nikaenda kwenye kikao nikasema jamani, tushushe hii iwe nusu, tutafute wateja ambao hela yao haipiti hazina. Kuna ndugu wa Mma alikuwepo, alicheka mpaka akashika meza. Akasema mgeni anaiogopa serikali yetu, serikali ya Botswana haijawahi kukosa hela. Wengine wakacheka naye. Mma mwenyewe hakucheka lakini hakunitetea pia, na hilo nililiona.

Sikubishana. Nilianza kwenda Kasane mwenyewe, kule juu karibu na mto Chobe, nikawa nabisha hodi loji moja baada ya nyingine, hoteli za watalii zina vyumba vya baridi vya nyama na mboga na jokofu likifa usiku mgeni anayelipa kwa dola hawezi kusubiri kesho. Halafu pale jirani daraja la Kazungula lilikuwa limeshafunguliwa 2021, malori ya Zambia na Kongo yanapita, na magari yenye majokofu yanaharibika kama magari mengine. Nilibebwa kwenye malori, nililala nyumba za wageni ambazo sitazieleza, wengine mngekata tamaa, mimi nilirudi na mikataba. Midogo, lakini hela yake haianzii Jwaneng.

Katikati ya 2023 mambo yakaanza kugeuka. Almasi zinazotengenezwa maabara zimeshuka bei mpaka mchumba wa Marekani haoni sababu ya kununua ya mgodini, Wachina nao wakapunguza kununua. Mwaka 2024 mauzo ya Debswana yaliporomoka karibu nusu, na uchumi wa nchi ukasinyaa kwa asilimia 3. Tarehe 30 Oktoba mwaka huo wananchi wakakipiga chini chama kilichotawala tangu uhuru, miaka 58, Duma Boko akawa rais na akakuta hazina imekauka. Agosti 2025 ikabidi atangaze hali ya dharura ya afya ya umma kwa sababu dawa hospitalini zimekwisha, wizara ikisema yenyewe kwamba madeni yamepita pula (hela ya huku) bilioni moja. Pula bilioni moja! Sasa kama muuza dawa za presha halipwi, wewe mtengeneza viyoyozi utalipwa lini?

Kuna ofisi moja ya umma, jina nalihifadhi, ina invoisi zetu mpaka leo. Nimeshaambiwa mfumo uko chini, nimeshaambiwa anayesaini yuko likizo, nimeshaambiwa nirudi baada ya bajeti, na bajeti imepita. Kila nikipita pale najua kabisa yule dada wa mapokezi analipwa mshahara wake na baridi anayokaa nayo niliifunga mimi. Inauma. Kampuni tulizokuwa tunashindana nazo kwenye tenda, nyingi zimefunga au zimebaki na bosi na gari moja. Sisi mishahara tunalipa, na inalipwa na Kasane. Yule ndugu aliyecheka alinipigia juzi kuulizia kama kuna nafasi ya kijana wake. Nilimwambia alete barua ya maombi kama watu wengine.

Sasa msije mkasema hawa watu ni wajinga kwa nini hawakuanzisha kitu kingine mbali na almasi. Wamejaribu tangu mimi sijazaliwa. Waliwahi kuunganisha magari ya Hyundai hapahapa Gaborone, wakiuza Afrika Kusini bila ushuru kwa sababu wako umoja mmoja wa forodha, mwaka 2000 kile kiwanda kikafa. Selebi-Phikwe kulikuwa na mgodi wa shaba na nikeli unaolisha mji mzima, Oktoba 2016 ukafungwa na maelfu wakakosa kazi kwa mpigo, nenda kauone ule mji leo. Ugumu wake ni huu: ukizalisha hapa wateja ni wachache, ukitaka kuuza nje huna bahari, na mlango wa pili kuna Afrika Kusini ambaye anatengeneza kila kitu kwa wingi na kwa bei usiyoiweza. Mwaka 2022 walizuia mboga za kutoka nje, nyanya, vitunguu, viazi, ili mkulima wa ndani ainuke. Mkulima aliinuka kiasi, na bei ya nyanya nayo ikainuka. Halafu vijana wenye vichwa vizuri wote wanataka ofisi ya serikali, ungekuwa wewe ungekataa? Na ukishaitwa wa kipato cha kati, mikopo ya riba nafuu na misaada inaanza kukupita kwenda kwa wengine, unaambiwa wewe umeshajiweza.

Na cheo chenyewe si cha kudumu. Mauritius walipandishwa kundi la matajiri Julai 2020, mwaka mmoja tu korona ikawarudisha chini. Namibia hapo jirani kashushwa 2025. Kwa hiyo unaponiandikia kwamba nchi fulani iko kundi fulani, mimi naona bado hujaniambia kitu.

Ndo maana narudia, uliza hela inaanzia wapi. Fuata hela nyuma, mteja wako analipwa na nani, huyo naye analipwa na nani, ukifika mahali pamoja kila ukifuata, hapo ujue wateja mia ulionao ni mmoja. Tunapenda sana kukimbilia sehemu kwa sababu ya takwimu, vijana wa siku hizi mnaangalia skrini mnapanga maisha, hakuna anayekaa chini na karatasi na kalamu, hakuna anayeuliza wazee. Mtaji ni jasho la mtu. Uliza hela inaanzia wapi, kama hujui usiondoke nyumbani.

Kuhusu duka lenyewe mdogo wangu, hata ukipuuza yote niliyosema, leseni za biashara nyingi ndogondogo hapa zimehifadhiwa kwa raia, na duka la rejareja la mtaani ni moja ya hizo. Soma orodha kwanza, na ukimpata mtu anayekwambia atakupa jina lake la leseni wewe ulete hela tu, kimbia. Ila kwenye meseji yako uligusia kwamba ulisomea ufundi wa majokofu VETA kabla hujaingia kwenye simu. Mbona hilo umelitaja kama vile si kitu? Nitumie vyeti vyako na leseni ya udereva kama unayo. Kuhusu kibali cha kazi siwezi kukuahidi, maana lazima tuthibitishe kwanza kwamba hakuna Mtswana wa nafasi hiyo, lakini Kasane kazi ipo.